Gonga Mara Moja

SEHEMU YA KWANZA

Kugonga mara moja maana yake kushoto kuna kitu. Mara mbili, kulia. Mara tatu mfululizo, kanyaga breki, maswali baadaye.

Hatukuandikishana popote. Festo, utingo wangu, alikuwa na pete nene ya shaba kidoleni. Aligonga nayo dashibodi, ko, nami nikakata usukani kama mtu aliyeona mwenyewe. Trafiki walitusimamisha, wakatukagua, wakaturuhusu. Watu wa mizani ya Vigwaza na Mikese walitupima uzito na wasituone kasoro. Nani angejua kwamba semi ile ilikuwa na madereva wawili, mmoja mikono, mwingine macho?

Naitwa Hamisi Chande. Barabarani walizoea kuniita Mwalimu, kwa sababu vijana wengi wanaopita leo mlima Kitonga kwa kujiamini mimi ndiye niliyewafundisha kuuteremka. Somo langu lilikuwa moja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukitaka kujua mlima una heshima gani, usiuulize ukiwa unapanda.

Dalili ya kwanza ilikuwa kikombe. Mwaka 2022, Ramadhani, tunafuturu nyumbani kwangu Kibaha Maili Moja, mkono wangu ukaparamia kikombe cha uji kilichokaa kushoto. Uji ukamwagika mkekani. Nikasema, “Umeme wenyewe mdogo hivi, mtu ataona nini?” Mama Idi akafuta bila neno. Wiki iliyofuata nikaangusha cha pili. Cha tatu nilimsingizia mtoto wa jirani.

Kisha ikaja zamu ya barabara. Baiskeli haikuwepo, halafu ghafla ipo, ubavuni mwa tela. Mbuzi walizuka. Bodaboda walizuka. Mbele nilikuwa naona vizuri kabisa, namba za gari lililo mbali nazisoma bila kukunja uso. Ndiyo maana sikuogopa mapema. Ningeona giza pembeni ningeshtuka, lakini halikuwepo giza. Dunia ilikuwa imepunguzwa kingo kimyakimya, kama mtu anayekumegea shamba kila mwaka hatua moja, nawe unapalilia tu.

Nilikwenda duka la dawa, nikauziwa matone ya macho mekundu. Hospitali sikwenda, na sababu nilikuwa naijua. Dereva mgonjwa ni sawa na gari bovu: linasukumwa pembeni lisizibe njia. Nilikuwa na miaka 51, nyumba imefika kwenye lenta, na posho ya safari ndiyo iliyokuwa inanunua saruji. Nikajiambia nitapima nikimaliza kuezeka.

Festo aliigundua siri hii Mikumi, pale barabara inapopasua hifadhi. Alfajiri moja alinishika mkono kwa nguvu, usukani ukayumba.

“Mzee! Hukumwona?”

“Nilimwona.”

Akanyamaza. Tukaenda kama kilomita mbili.

“Mzee,” akasema taratibu, “alikuwa tembo.”

Sikuwa na jibu. Mtu unaweza kukosa kuona kuku. Safari iliyofuata alikuja na ile pete.

Sasa nikupeleke kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Agosti 2024. Tulikuwa tunatoka Tunduma na shaba ya Kongo, tunaishusha bandarini Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Makambako tulikula. Mafinga Festo akaanza kutetemeka. Iringa alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani, meno yanagongana. Nilimnunulia dawa, nikamwambia alale, tutalaza gari Ilula.

Tulipofika Ilula maegesho yalikuwa yamejaa, na simu ya ofisini ilikuwa imeshaita mara tatu: meli inasubiri. Ningeweza kuizima. Mtu akitaka kunihukumu aanzie hapo, mimi mwenyewe huanzia hapo.

Saa tano usiku tukaanza kushuka Kitonga. Gia ya tatu, breki ya injini inaunguruma, mguu wangu juu ya kanyagio bila kulikandamiza. Kona ya kwanza. Ya pili. Pete ilikuwa kimya, na mimi nikakichukua kimya kile kama habari njema. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu aliyelala hagongi.

Gari likiharibika mlimani, madereva hukata matawi na kuyatandika barabarani, hatua kadhaa nyuma yake, yamwonye anayekuja. Wenzangu wote wangeyaona matawi yale. Yalikuwa yametandikwa ukingoni, kushoto.

Niliyasikia kabla sijayaona, yakipasuka chini ya matairi.

“Mzee, kushotooo!” Festo akapiga kelele ndani ya blanketi.

Nilikata kulia. Kichwa kikatii, tela likachelewa. Nikasikia bati likichanika ubavuni mwetu, mlio mrefu, na ndani ya mlio ule sauti ya mwanadamu.

Haikuwa ya Festo. Ilitoka chini.

SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: Hamisi, dereva aliyeficha ugonjwa wa macho kwa miaka miwili, amekwangua lori bovu mlimani Kitonga usiku. Chini ya lori kuna mtu.*

Kusimamisha tani hamsini na ushei mteremkoni si jambo la kukanyaga tu. Mpaka gari linatulia tulikuwa tumesogea mbali. Festo akaruka na mawe ya kuzuia matairi, homa yote imemtoka. Mimi nikarudi juu kwa miguu, tochi mkononi, nikimulika sehemu moja moja kama mtu anayetafuta sindano.

Nilimkuta fundi amekaa chini, mgongo kwenye tairi la lori lake, uso mweusi wa grisi. Alikuwa amelala chali chini ya mtambo, miguu nje. Aliposikia matawi yakilia alivuta magoti. Hilo tu ndilo lililomwokoa.

Nilimwomba radhi. Hakunijibu. Alikuwa anatazama miguu yake. Mmoja ulikuwa na kiatu, wa pili hauna. Akanyoosha kidole barabarani. Kiatu cha pili kilikuwa pale kwenye lami, bapa kama chapati.

“Chukua,” akaniambia. “Mimi hakinifai tena.”

Nilikichukua. Ninacho mpaka leo chini ya kitanda. Mama Idi ameshataka kukitupa mara nyingi.

Ofisini walinipeleka hospitali kupima macho. Daktari alikuwa binti mpole. “Shikamoo baba.” Marahaba. Kwanza akapima presha ya macho. Ya kawaida, akanieleza, huwa kati ya 10 na 21. Jicho langu la kulia lilikuwa 29, la kushoto 34. Kisha nikaingizwa chumba cha giza, nikaweka kidevu kwenye mashine, nikapewa kitufe. Kila nikiona kinukta cha mwanga, nibonyeze.

Nikabonyeza mara chache, kisha nikakaa. Nikasubiri. Namsikia nesi akipindua karatasi.

“Mwanangu,” nikamwuliza, “mashine imezimika?”

“Hapana, baba. Imeshamaliza jicho la kushoto.”

Daktari alinionyesha picha. Sehemu ninayoona ilikuwa tundu jeupe katikati, kama mtu anayechungulia kwa bomba. Presha hii, akasema, inakandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, haiumi, haiwashi, na uzi wa mshipa ukishakufa haufufuki. Kuna dawa ya matone, kila usiku, maisha yote. Nikamwuliza kama itanirudishia pembe za macho. Akasema itanilindia zilizobaki. Nikamwelewa hivi: deni lililoliwa limeliwa, tunachozuia ni riba.

“Ulianza lini kugonga vitu?” akauliza.

“Juzijuzi.”

Akanitazama, akaweka kalamu chini. “Baba, macho hayafiki hapa juzijuzi. Nani alikuwa anakuonea?”

Nikatazama miguu yangu.

“Una watoto? Ndugu wa tumbo moja?”

“Kijana mmoja. Dada zangu wawili.”

Akaandika maneno kwenye kadi yangu, akayapigia mstari. Sikuyasoma. Nilikuwa nimeshasoma neno moja kwenye ripoti ya kwenda kazini na lilinitosha siku ile: *asiendeshe*.

Siku ya kumi nikaitwa ofisi ya utumishi. Ofisa ni binti wa umri wa mwanangu. Aliniamkia vizuri, akaniagizia soda, akaniita mzee wetu. Kisha akanisogezea barua iliyokwisha kuchapwa, imebaki nafasi ya sahihi tu.

Nikaileta karibu na uso. Siku hizi karatasi siioni yote kwa pamoja. Naisoma kama mtu anayetambaa, neno moja, jingine. Jina langu. Tarehe. *Naomba kuacha kazi kwa hiari yangu.* Chini yake shilingi 2,000,000, shukrani ya kampuni kwa utumishi wangu.

Nilikuwa na miaka 53. Miwili tu kabla ya kustaafu kwa hiari, saba kabla ya lazima. Nilianza kazi pale Mei 2008, na gari la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa na kioo kilichofungwa kwa waya.

“Mwanangu,” nikasema, “mimi sijaomba kuacha. Mimi ni mgonjwa.”

“Tunaelewa, mzee wetu. Ndiyo maana tunakupa njia ya heshima.”

“Na njia nyingine ipo?”

Hakujibu kwa mdomo. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi ya pili, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Hii ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Nikaanza kutambaa nayo. *Mimi utingo wa gari... nathibitisha kwamba dereva alikuwa haoni kwa muda wa miaka miwili... na alikuwa akinitumia mimi...*

Nikaruka mpaka chini.

Sahihi ya Festo niliijua. Mimi ndiye niliyemfundisha kuiandika, siku aliyopokea mshahara wake wa kwanza.

“Usiposaini ya kwanza,” akasema yule binti kwa upole uleule, “tutalazimika kuitumia ya pili.”

SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: Hamisi amepewa achague: akubali kwamba ameacha kazi kwa hiari, au ushahidi wa Festo umfukuzishe kwa kosa la nidhamu.*

Niliomba mpaka Ijumaa. Nikapewa. Nikatoka na karatasi mfukoni, nikapanda daladala ya Kibaha, nikakaa dirishani kama abiria. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba Kimara ina miti.

Mama Idi aliisoma barua kwa sauti, mara mbili. Mara ya pili alisimama kwenye neno moja.

“Hiari,” akasema. “Hiari ya nani?”

Kisha akaenda chumbani, akavuta sanduku la bati. Humo alikuwa amehifadhi kila karatasi ya mshahara wangu tangu 2008, zimefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka, kama mafungu ya mchicha. Sikuwahi kujua anazitunza. Nilidhani anawashia jiko.

“Nenda kwa Mbwambo,” akaniambia. “Yeye amepita njia hii.”

Mzee Mbwambo anakaa Mlandizi, ana mguu mmoja na duka la vipuri. Wa pili aliuacha barabarani mwaka 2017, akiwa kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na nilimweleza yote, pamoja na tembo.

“Kwanza nikutukane,” akasema. “Ungeua mtu.”

Nikamwonyesha kiatu. Nilikuwa nimekibeba kwenye mfuko, sijui kwa nini. Akakigeuzageuza, akanirudishia, na lile tusi lake akalimeza.

“Kwa hiyo hutaki kurudi kwenye usukani.”

“Sitaki.”

“Vizuri. Sasa tuzungumze haki, maana kosa lako na haki yako ni vitu viwili, hao wanataka uvifunge fungu moja.”

Akanihesabia kwa vidole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu. “Umepewa hata moja?” Sikupewa. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajamwondoa mgonjwa, aangalie ugonjwa una uzito gani, ni wa muda au wa kudumu, na kama ipo kazi nyingine anayoiweza. “Wamekuuliza kama unaweza kufundisha vijana gereji? Si wewe Mwalimu?” Hawakuniuliza. Ukiachishwa kwa njia usiyoikubali, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. “Lakini ukisaini kwamba umeacha mwenyewe, unakwenda kumshtaki nani? Hamisi amshtaki Hamisi?”

Nikamwuliza kuhusu fidia aliyolipwa yeye.

“Hiyo ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ulianza kufanya kazi Julai 2015, mimi nikaumia 2017, kwa hiyo ulinikuta. Unamlipa aliyeumizwa na kazi. Mguu wangu ulikatika kazini, macho yako yana ugonjwa wao wenyewe. Mlango wako ni NSSF, pensheni ya ulemavu. Bodi ya madaktari ikithibitisha umepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kufanya kazi, na michango yako imetimia, unalipwa kila mwezi. Mgonjwa anayestaafishwa ana mlango. Anayesaini ameacha kazi, umwulize mlango gani atapigia hodi.”

Alinisindikiza mpaka barabarani kwa gongo lake. Tulipofika kituoni akasema jambo ambalo limenikaa kuliko sheria zote.

“Mwalimu, siku ya kwanza usipokwenda kazini watu watakuuliza safari lini. Ya thelathini hawatakuuliza. Hiyo ya thelathini ndiyo ngumu. Jiandae nayo.”

Alhamisi nikaenda NSSF na fungu la karatasi za mshahara. Kijana wa dirishani akaingiza namba yangu, akatazama kioo, akatazama karatasi zangu, akarudi kwenye kioo.

“Mzee, umefanya kazi miezi mingapi?”

“Mei 2008 mpaka mwezi huu. Nimehesabiwa 196.”

“Humu ninayo 171.”

Nikamwomba arudie. Akanigeuzia kioo, ingawa mimi kwangu kilikuwa mwanga tu. Akanisomea. Miezi 14 ya mwisho hapakuingia kitu. Mingine 11 imetapakaa huko nyuma, mmoja hapa, miwili pale. Na kila mwezi kati ya hiyo, kwenye karatasi za Mama Idi, nilikuwa nimekatwa.

“Michango ikifika 180 unaingia moja kwa moja,” akaeleza. “Isipofika, inatazamwa angalau 36, na 12 kati yake iwe ya karibuni kabla ya ulemavu. Wewe 180 hujafika, umepungukiwa tisa. Na hiyo ya karibuni ndiyo haipo kabisa.”

Nikaelewa haraka ya ile barua. Kumwondoa dereva asiyeona ilikuwa sababu. Kumzuia asije kwenye dirisha hili ilikuwa sababu kubwa zaidi.

“Usikate tamaa,” yule kijana akasema. “Kudai michango kwa mwajiri ni kazi yetu. Hizi karatasi usizipoteze, na usisaini chochote.” Akazipiga nakala zote, moja moja, foleni nyuma yangu ikilalamika.

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Kitonga. Kesho, Ijumaa, nitawarudishia barua yao bila sahihi. Watoe ushahidi wa Festo, nami nitoe sanduku la bati. Kosa langu nitalibeba, nao walibebe lao.

Nje ya nyumba palikuwa na gari. Sikuliona, nililisikia. Injini ilikuwa imezimwa muda si mrefu, bado inalia ti, ti, ti kwa kupoa, na bomba la upepo lilikuwa na ule mluzi mdogo niliouzoea miaka sita. Nikaweka kiganja kwenye mlango. Lilikuwa langu.

Ndani, Festo alikuwa amepiga magoti mbele ya Mama Idi. Aliponiona akainama zaidi.

“Nisamehe, baba. Waliandika wao. Waliniambia nisaini au nikalale nje. Nina mtoto.”

“Kilichoandikwa ni uongo?”

“Hapana.”

“Basi inuka. Mtu haombi radhi kwa kusema kweli.”

Nikasema hivyo, na nilikuwa namaanisha, ila sauti yangu haikuwa na nguvu niliyoitaka. Ndipo Idi akatoka chumba cha pili, amevaa sare mpya, shati lina mikunjo ya dukani. Ana miaka 27. Miaka mitatu alikuwa anaendesha fuso la Kariakoo, na leseni ya daraja E alikuwa ameipata mwaka uliopita. Alikuwa anacheka mpaka macho yanafumba.

“Baba! Wamenipigia wenyewe. Wamesema ni heshima kwako. Wamenikabidhi gari lako, safari ya majaribio, Tunduma. Natoka na Festo saa kumi alfajiri.” Akaweka funguo juu ya mkeka. “Wamesema wewe ukimaliza tu ile karatasi kesho, na mkataba wangu unasainiwa.”

Mama Idi alinitazama. Sikuliona tazamo lile, lilikuwa pembeni, lakini miaka thelathini ya ndoa haihitaji macho yote.

Tukakaa kula. Ugali, perege, mchicha. Sikujua nianzie wapi. Nimwambie mwanangu kwamba heshima aliyopewa ni chambo? Au nisaini, nife na miezi yangu 25, yeye aanze yake?

“Baba Idi,” mke wangu akasema, na nikajua anatafuta la kuvunja kimya, “hii kadi ya hospitali mbona hukunionyesha? Kuna maneno yamepigiwa mstari.” Akaisogeza kwenye taa. “*Ugonjwa huu hufuata damu. Watoto na ndugu wote wapimwe macho, hata kama wanaona vizuri.*”

“Mimi naona mpaka Zambia,” Idi akasema, akacheka, akanyoosha mkono kumega ugali.

Hapo ndipo nilipoisikia.

*Ko.*

Pete ya shaba kwenye ukingo wa sinia. Mara moja tu, taratibu. Festo aligonga bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka miwili, kama mtu anayevuta pumzi. Katika nyumba ile watu wawili tu walijua maana yake, na Idi hakuwa mmoja wao.

Mkono wake ukapita kushoto. Kikombe cha maji kikapinduka, maji yakatambaa mkekani mpaka kwenye funguo.

“Aah,” mwanangu akasema, “umeme wenyewe mdogo hivi, mtu ataona nini?”

Mama Idi aliacha kutafuna. Nje, mbali, lori lilikuwa linabadili gia likipita Maili Moja. Nikanyoosha mkono wangu juu ya maji, nikatafuta funguo, nikazifumbata.

“Baba,” Idi akasema, kicheko kimeanza kumtoka, “nipe funguo.”

*Itaendelea wiki ijayo.*